Chai ya Makabwela

Baba alikuwa na redio ya betri juu ya kabati, na kwa redio hiyo niliijua Uingereza kabla sijaujua hata mji mkuu wa wilaya yetu. Mtangazaji alisema kwa Kiswahili kwamba Bunge la Makabwela limepitisha, Bunge la Makabaila limekataa, Malkia ameridhia. Niliyapenda maneno hayo kwa mlio wake tu. Nilidhani makabwela ni aina ya ndege.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa historia alituchorea ubaoni: Malkia juu, chini yake mabunge mawili, pembeni mahakama na Kanisa. Akatueleza kwamba makabaila ni wale wakubwa wenye ardhi na vyeo, na makabwela ni watu wa kawaida, kama sisi. Tukakariri mchoro ule, tukafanya mtihani, nikausahau.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Texas. Nilianzia Houston, kule Gulfton, katika fleti moja na akina mama wawili Wakongomani waliokuwa wakicheka Kiswahili changu na mimi nikicheka chao. Ningeweza kubaki pale. Lakini mimi sina tabia ya kubaki, na dada mmoja wa kwetu, muuguzi aliyekuwa akiishi Mesquite, mji wa mbali kaskazini mwa Texas, aliponiambia kuna kazi za kutunza wazee, nilifunga sanduku wiki hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa na gari. Kila asubuhi akienda kazini aliniteremsha Grand Prairie, mji usio mbali na kwake, akanichukua jioni.

Niliyepewa nimtunze alikuwa bibi wa Kiingereza, mwenye miaka themanini na kitu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliolewa na askari wa Kimarekani, akamfuata hadi Texas. Mume alikuwa amekwisha kufa. Walikuwa na binti mmoja, mtu mzima kuliko mimi, na siku ya kwanza alinisimamisha barazani kabla sijaingia.

"Watatu wamekutangulia, wote wameondoka," alisema. "Kila jioni anadai chai. Akiletewa anaisukuma, anasema hajapewa chai. Nadhani akili inamtoka. Nimepata nafasi katika nyumba ya wazee, Ijumaa ya wiki ijayo nampeleka."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema nimwue kwanza."

Nilijiambia kwamba kama ni chai, basi wamempata mwenyewe. Saa kumi na moja bibi alipouliza, "Chai yangu iko wapi?" nilimpikia ya kwetu, maziwa mengi, majani yakachemka mpaka rangi ikakolea, tangawizi kidogo. Akanusa. Akaonja kwa adabu. Kisha akasukuma kikombe.

"Ni kinywaji kizuri, mpenzi," alisema. "Sasa niletee chai yangu."

Siku ya pili nilimpa ya rangi, maziwa pembeni. Siku ya tatu nikabadilisha majani. Jumatano ya wiki ya pili alinitazama kwa macho ya mtu aliyeonewa, akauliza kwa sauti ndogo kama siku hizi hata yai moja la chai halipatikani.

Jioni ndani ya gari nilimsimulia dada.

"Yai ndani ya chai?" Alicheka mpaka nikamwomba aangalie barabara. "Huyo ameshaenda, dadangu. Anza ku-apply kwingine."

"Ananiita mpenzi."

"Nimekwambia ameshaenda."

Nilicheka naye, lakini lile neno lilinikaa. Nyumbani Mesquite, nikikaanga vitunguu, nikakumbuka ni nani mwingine aliyekuwa akiita kila mtu mpenzi, hata mchota maji. Ni mwalimu mkuu wa shule yetu ya wasichana, Mwingereza wa mji wa viwanda vya pamba huko kaskazini. Tulipokuwa kidato cha kwanza alitualika wanne nyumbani kwake kwa chai. Matroni akatuonya tusiende na njaa, tusije tukaonekana walafi mbele ya mzungu. Basi tukapita kwanza bwaloni, tukala ugali na maharagwe mpaka tukashindwa kufunga mikanda. Kwa mwalimu mkuu tukakuta meza nzima: mayai, viazi vya kukaanga, nyama, mkate wa siagi. Tulikula vyote kwa heshima. Mmoja wetu alitoka akatapika kwenye maua yake.

Mwalimu mkuu alipojua kisa hicho alicheka kwa muda mrefu, kisha akatueleza. Wakubwa wa kwao, alisema, hunywa kikombe chao saa kumi, halafu hungoja kula saa mbili usiku. Lakini mtu aliyetoka kiwandani hawezi kungoja. Yeye hula saa kumi na moja, na chakula hicho ndicho huitwa chai. Akasema ukitaka kumjua Mwingereza ni wa Bunge lipi, muulize chai yake ni nini.

Nilizima jiko. Yule bibi alikuwa na njaa tu.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na binti alikuja jioni kumfungia mama yake nguo. Saa kumi na moja kamili niliweka mezani mayai mawili, viazi vya kukaanga, njegere, mkate wa siagi, na kikombe kando ya sahani.

"Chai yako tayari, mama," nikasema.

Bibi aliangalia meza. Akavuta kiti mwenyewe, akala taratibu, akafuta sahani kwa mkate. Binti alisimama mlangoni na sweta mkononi.

"Mama, hiyo si chai. Hiyo ni supper, mlo wa jioni."

"Supper ni neno la baba yako. Nililitumia miaka hamsini kwa ajili yake," bibi alisema. "Sasa hayupo, na mimi nimechoka kutafsiri."

Binti alikaa chini. Alilikunja sweta, akalikunjua, akalikunja tena. Baadaye alilirudisha katika sanduku la mama yake, lile la mbao miguuni pa kitanda, na Ijumaa hakuna aliyepelekwa kokote.

Sisemi kwamba bibi alikuwa mzima kabisa. Kuna siku aliniita kwa jina la dada yake. Lakini siku moja akili yake ilipokuwa safi nilimwuliza habari za ule mchoro wa ubaoni, naye akasema Malkia alimwona kwenye stempu za barua kutoka kwao tu, na Kanisa lile kubwa lilikuwa la mwenye kiwanda. Kwao kulikuwa na kanisa dogo la matofali, chama cha wafanyakazi na duka la ushirika. "Hivyo ndivyo vilivyotulea, mpenzi," alisema. Mwalimu wangu hakuvichora.

Nilikaa nyumba ile kuliko nilivyokaa popote tangu niondoke kwetu, mpaka bibi alipofia kitandani mwake, kama alivyotaka. Lakini ninayoirudia zaidi ni Ijumaa ile. Binti alileta karatasi, akaibandika kwenye friji, akaniomba niandike maneno mengine ya kwao na mama yake, asije akakosea tena. Niliandika la kwanza, chai. La pili sikulijua, ikabidi twende wote wawili tukamwulize mwenyewe.