Barua Ndani ya Bitana

Mtaani hakuna aliyemjua kwa jina jingine. Aliitwa Fundi, basi, na kama mgeni angeulizia nyumbani kwake kwa lile jina la kwenye pasipoti, angeambiwa mtu huyo hayupo. Kwa miaka kumi na minne alishona sare za shule, suruali na mapazia katika chumba chenye cherehani mbili na meza ya kukatia. Mkewe, muuguzi, alipopata kazi ng'ambo na kuondoka, Fundi aliwahamishia binti zake wawili chini ya meza hiyo. Mkubwa, ambaye nyumbani aliitwa Dada, alikuwa na miaka minne. Mdogo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama, akijishikilia kwenye pindo la shati la baba yake, na jina likamganda: Pindo.

Miaka miwili ikapita ndipo ruhusa ya kumfuata mama ikatoka. Fundi aliuza cherehani zote mbili, akarudisha ufunguo wa chumba, akakata tiketi tatu. Ndege ilikuwa ya Jumanne, saa nne asubuhi, na ruhusa ilikuwa inakwisha kesho yake. Wakiachwa na ndege hiyo, ingebidi kuanza moja.

Kwa simu mkewe alimwonya mambo mawili tu: mabegi ya mkononi yasizidi kipimo, na barua isipotee. Barua yenyewe ilikuwa ya kwake, yenye mhuri wa wakili, kwamba yeye mama mzazi amekubali watoto wasafiri na baba yao peke yake. Fundi alicheka. Akachukua futi yake ya kupimia, akashona mabegi matatu ya kaki yanayofanana kama mapacha, kila moja kwa kipimo kile kile cha kampuni ya ndege, bila kuzidi hata upana wa kucha. Barua akaitia kwenye nailoni na kuishonea ndani ya bitana ya begi lake, mshono mara mbili. Mwizi angetafuta mpaka achoke mwenyewe.

Lakini mganga hajigangi. Mtu ambaye kila siku aliwaachia wateja wake nafasi ya kushiba alisahau kwamba na begi nalo hushiba. Mabegi yalipofika kaunta ya uwanja wa ndege yalikuwa yametoa matumbo, hakuna hata moja lililoingia kwenye kile kisanduku cha chuma cha kupimia. Ikabidi yafunguliwe sakafuni, yote matatu, nguo za huyu zikahamia kwa yule, foleni nzima ikitazama chupi zao. Fundi alitoka pale amevaa mashati matatu, Dada magauni mawili, na hakuna aliyejua tena begi lipi ni la nani.

Kwenye ukaguzi mambo yakazidi kumvuruga. Aliambiwa avue mkanda, akavua. Viatu, akavua. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, alijisemea, huku ameshika suruali kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Mkaguzi alitoa kwenye begi mkasi wake wa kukatia na kikwanyulio cha kufumulia nyuzi, akavitupa kwenye pipa kama maganda. Fundi alitaka kueleza kwamba mkasi ule una umri mkubwa kuliko Dada, lakini nyuma yake watu walikuwa wanasukumana, na Pindo alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kusikojulikana.

Wakafika dirisha la uhamiaji. Afisa alikuwa mama wa makamo, mwenye sura ya mtu anayeamka mapema kila siku. Alizitazama pasipoti tatu, akamtazama mwanamume aliyevaa mashati matatu, akauliza mama wa watoto yuko wapi. Fundi akaeleza. Afisa akainama kumwelekea Pindo na kumwuliza kwa upole huyu ni nani.

"Fundi," Pindo akajibu.

Dada akadakia kwamba ni baba, baba yao kabisa. Afisa akaziweka pasipoti chini.

"Mmoja anasema baba, mwingine anasema fundi. Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi," alisema. Ndivyo alivyokuwa akijibu swali hilo miaka yote. Kisha akasikia alichokisema, akaanza kujisahihisha, na kadiri alivyojisahihisha ndivyo alivyofanana na mtu aliyeiba watoto.

Afisa hakupandisha sauti. Alitaka barua ya mama, na kama haipo, safari imeishia hapo. Fundi akasema barua ipo. Iko wapi? Iko ndani ya bitana. Ya begi lipi? Hilo lilikuwa limechanganyikana kule kaunta. Alikuwa amedhani barua itahitajika huko waendako tu. Aliyapapasa mabegi yote matatu, na yote, kwa ustadi wake mwenyewe, yalikuwa laini na hayasemi kitu. Saa ya ukutani ilionyesha tatu na robo.

Aliomba mkasi, akaambiwa kwamba upande huu hakuna mkasi. Basi akapiga magoti, akauma mshono wa begi la kwanza kwa meno. Alizoea kukata uzi kwa meno, lakini mshono wake mwenyewe, tena mara mbili, ulimkomesha. Begi la kwanza halikuwa na kitu. La pili nalo halikuwa na kitu. Kwenye la tatu fizi zilikuwa zinatoa damu, na aliogopa, aliogopa kweli, kwamba labda aliota tu kuishona. Ndipo nailoni ikachungulia.

Afisa aliisoma barua mara mbili, akalinganisha namba za pasipoti moja moja, akampigia mama mtu kwa namba iliyoandikwa na kumhoji kwa muda mrefu. Kisha akagonga mihuri mitatu. Alipokuwa anarudisha pasipoti alisema taratibu, "Huko mbele mtaulizwa tena. Mfundishe mtoto kusema baba."

Fundi aliyakumbatia mabegi yaliyofumuka, wakaondoka. Karibu na mlango wa ndege akachuchumaa mbele ya Pindo na kumweleza kwamba kuanzia leo, mtu yeyote akiuliza, yeye anaitwa Baba. Asiseme lile jina jingine tena. Pindo alisikiliza kwa makini sana.

"Baba," akasema.

"Tena."

"Baba."

Alisifiwa, akabusiwa, Dada akapiga makofi. Wakapanga foleni. Pindo alitazama nyuma, kule walikotoka, akatazama tena, kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Na Fundi," akauliza, "tunamwacha huku?"

Fundi alifungua mdomo kusema hapana. Watu wa mbele walisogea, mhudumu akanyoosha mkono apewe tiketi, na yeye alikuwa bado amesimama, pindo la shati lake likiwa mkononi mwa mtoto.