Nilimfuta Uso Mama wa Bibi Harusi

Jamani, kosa ni langu. Sitasingizia kamera wala umeme.

Mimi ni dada wa mtaa wa Mtanda, napiga video za harusi. Akina mama wananipenda kwa sababu naingia upande wa wanawake na hakuna anayehangaika kujifunika. Nikaitwa kijijini Kiranjeranje, kwenye harusi ya binti mmoja, tumwite Somoe. Mama yake alikuwa mgonjwa, na maisha yake yote hakupenda kupigwa picha. Siku ile alikubali kwa ajili ya mwanawe tu.

Akamkalisha Somoe mkekani chumbani, akaanza kumuusia na kumwombea dua. Chumba giza! Dirisha limezibwa kanga. Mama mwenyewe akaniuliza, "Mwanangu, unaona kweli humu? Niitoe hiyo kanga?"

"Acha tu mama, nitaing'arisha kwenye kompyuta."

Kiburi, wenzangu! Kiburi kitupu!

Nyumbani nikavuta mwanga mpaka mwisho. Uso ukaonekana, lakini umejaa chenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Nikaona haya. Nikaweka kile kitufe cha kufuta chenga, nacho nikakivuta mpaka mwisho. Chenga zikaisha. Makunyanzi nayo yakaisha, na kovu la shavuni. Uso ukabaki laini kama sabuni iliyolowa. Nikajiambia, si amekuwa kijana! Nikahifadhi.

Halafu, ee Mola wangu, nikafuta zile video za asili nipate nafasi ya harusi nyingine.

Haikuchukua muda, mama akafariki. Matanga yalipoanuliwa Somoe akaja kwangu. "Dada, niwekee pale mama anaponiusia."

Nikamwekea. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Huyu nani?"

"Mama yako, Somoe."

"Mama alikuwa na kovu hapa." Akajishika shavu. "Nipe ile ambayo hujaigusa."

"Sina. Niliifuta."

Nikajitia kumfariji, nikasema angalau sauti ipo.

"Sauti naisikia hata nikilala, dada. Uso ndio unaanza kunitoka."

Akainuka, akaondoka. Hakunitukana. Laiti angenitukana!

Nimezunguka kwa mafundi mpaka Dar. Wote jibu moja: juu yake umesharekodi kitu kingine, haipo tena.

Nyie mnaoanza kazi hii, nawasihi. Mwanga utafuteni kabla hamjarekodi. Mkikuta giza, punguzeni chenga kidogo kwanza, ndipo mpandishe mwanga taratibu, na kona zenye giza ziacheni na giza lake. Na ile ya asili msiifute, hata mwenyewe akisema ameridhika!

Kwangu mimi maji yameshamwagika. Juzi nimesikia Somoe amejifungua binti, kampa jina la mama yake. Wanaokwenda kumpongeza wanamuuliza kama mtoto amefanana na bibi yake.

Anawajibu kwamba hakumbuki vizuri.