Ufunguo wa Mlango wa Bluu

Fundi Funguo alikuwa na donda moja tu maishani, na donda lenyewe ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Watu walimwita Redio, maana hazimiki. Kazi yake kutembeza wageni kwenye ngazi za mji ule wa mlimani: juu wafumaji, katikati waoka mikate, chini watu wa ngozi, kila watu na lugha yao, ibada yao na namna yao ya kununa. Wageni wanapiga picha, Redio anavimba kichwa. Fundi, mwenye funguo za mitaa yote mitatu kibandani, hata salamu hapati.

"Mji huu naujua mimi," alimwambia mkewe. "Hata waliohama, funguo zao ninazo mimi, siyo kakako."

"Si useme basi! Umekaa unanuna kama mtoto aliyenyimwa pipi."

Siku moja Redio akaja na bibi mmoja wa fimbo. Bibi alizaliwa kwa wafumaji, nyumba yenye mlango wa bluu. Wafumaji wengi walipofukuzwa, yeye alitoka kabebwa mgongoni. Sasa alitaka kuingia mara moja tu kabla hajafa.

"Shemeji, tupe ufunguo," Redio akasema kwa sauti ya jukwaani. "Historia yote nimeshammalizia mama."

Yote! Wivu ukampanda Fundi mpaka masikio yakapata moto. Ufunguo wa mlango wa bluu ulining'inia msumari wa nne. Mkono ukaenda wa saba, wa ghala la ngozi kule chini, akampa Redio huo. Moyoni akasema: ngoja aumbuke, halafu nitokee mimi na ufunguo wenyewe. Akautia ule wa kweli mfukoni, akawafuata, kicheko kakibana kwenye mashavu.

Redio akachomeka, akazungusha. Kla! Mlango ukafunguka.

Ndipo Fundi akaelewa. Kufuli zote za mji alizitengeneza baba yake, marehemu mvivu, na kalibu ya kuundia kufuli aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Watu wasiosalimiana wamejifungia miaka sitini kwa ufunguo mmoja!

Ndani, bibi alipapasa ukuta akilia. "Nani alitutunzia ufunguo?"

"Huyu shemeji yangu," Redio akajibu, kwa mara ya kwanza kwa kifupi.

Bibi akaubusu ule wa ghala la ngozi. Fundi akashindwa kuvumilia. Akatoa wa nne mfukoni. "Samahani, mama. Wako ni huu."

Redio akatazama funguo mbili, akatazama mlango. "Kumbe! Shemeji, hii mbona tamu!"

Kesho yake mji mzima unajua. Wafumaji waliobaki, waokaji na watu wa ngozi wakajipanga foleni moja kibandani, wanatupiana maneno kwa lugha tatu, kila mmoja anataka kufuli mpya. Fundi anakereza kwa tupa, jasho linamchuruzika, Redio huyo na wageni ishirini.

"Na hapa, wapendwa, ndipo penyewe, zilipotoka kufuli za kalibu moja! Shemeji, inua uso wakupige picha."

Akainua. Ila nani kampa mtu yule ruhusa ya kusimulia habari za baba yake?