Kompyuta Iliyogoma Mezani kwa Shefali

Majivu ya Dulal Karmakar hayajapoa, wanaume wa soko la Chandni, pale Kolkata, walikuwa wamekwisha kumpangia mjane wake maisha. Shefali angerudi kwao wilayani Nadia, akae kwa kaka yake, apike, asali, azeeke taratibu bila kumsumbua mtu. Meza ya Dulal ya kutengenezea kompyuta ingechukuliwa na Bhola, mdogo wake marehemu. Mpango ulikuwa mzuri sana, ila mwenyewe hakuulizwa. Matanga yalipokwisha, Shefali alivaa sari yake ya manjano, akaja sokoni, akaketi kwenye kiti cha mumewe na kumwambia Bhola asimzibie mwanga.

Watu walishangaa, na sijui walishangaa nini. Miaka yote ile Dulal alikuwa akipokea wateja, akinywa nao chai na kuwachekesha, na kazi ndogondogo za kulehemu, zile zinazotaka macho makali na pumzi iliyobanwa, zilifanywa na Shefali nyuma ya pazia. Kilichoondoka ni pazia. Mikono ilikuwa ile ile.

Lakini katika uchochoro ule meza haina hati. Kila mwaka, mvua zinapokaribia kwisha, huja sikukuu ya Bishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo vyombo vya kazi hupumzika, hakuna anayegusa hata bisibisi, tiara hujaa juu ya mapaa, na sahani ya sinduri, ile poda nyekundu, hupitishwa meza kwa meza ili vyombo vya kila fundi vitiwe alama. Sahani ikisimama kwako, meza ni yako hadi mwaka mwingine. Ikikupita, kusanya vitu vyako.

Na sinduri ni mwiko kwa mjane. Siku Dulal alipokufa, shangazi zake walimkalisha Shefali sakafuni, wakamfuta ile aliyokuwa akijipaka kwenye njia ya nywele tangu harusi yake. Walimfuta kwa kitambaa cha maji, wakisugua kama wanaosafisha sufuria, wala hawakumwambia pole.

Hayo angeyavumilia. Kilichomponza ni Mzee.

Mzee lilikuwa jina la kompyuta ya zamani ya kubeba mkononi, nzito kama cherehani ndani ya sanduku lake, yenye mshikio juu, kibodi inayofunguka kama mfuniko, na kiskrini cha maandishi ya rangi ya chungwa. Dulal aliiokota kwa muuza vyuma chakavu enzi za ujana wake, akaifufua, na tangu hapo ikawa inawaka mezani kutwa. Hakuwa na tangazo jingine. Mteja akisitasita, Dulal alimwonyesha Mzee tu na kumwuliza: kama huyu yu hai, yako itashindikana nini? Kisha ikaja ile baridi aliyofariki Dulal, na Mzee naye akazimika.

“Mashine inajua,” Bhola alikuwa akisema kwenye kibanda cha chai, kwa aliyetaka kusikia na asiyetaka. “Kaka kaiacha nzima. Shemeji kaigusa na mkono wa ujane, imekufa. Mnangoja meza nzima ife?”

“Wewe Bhola hata taa ya kwenu ilipozima ulisema umetupiwa jicho,” alisema Moinul, muuza nyaya wa upande wa pili wa uchochoro. “Tukaja mtaa mzima kukupa pole. Kumbe swichi.”

Watu walicheka, wakamaliza chai yao, na bado wakapeleka kompyuta zao kwingine. Ubaya wa maneno ya Bhola ni kwamba aliyaamini mwenyewe. Mwongo mtu angeweza kumkamata.

Wiki ya sikukuu ilipofika, Panchanan, katibu wa soko, alikuja na kikombe chake cha udongo mkononi, akasimama mbele ya meza.

“Shefali, dada yangu, mimi sina ugomvi nawe. Lakini meza yenye maiti juu yake inatutia mkosi sote. Mwamshe Mzee kabla sahani haijapita, nitanyamaza. Asipoamka, mpishe Bhola.”

“Na Bhola naye asipoweza kumwamsha?”

“Bhola hajaambiwa amwamshe.”

“Ndiyo maana nauliza, kaka Panchanan.”

Panchanan alitazama ndani ya kikombe. “Usinitie maneno mdomoni. Nimesema nilichosema.”

“Basi jiandae kunyamaza,” alisema Shefali, akavuta sanduku la Mzee karibu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuudhi. Ukiwasha, feni inageuka kidogo, kitu kinalia tiki, kila kitu kinazima. Fundi yeyote angeshuku kisanduku cha umeme, na Shefali alikishuku. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zikiwa za umri ule huvimba na kuvuja, zikanuka samaki. Alizing’oa zote, akalehemu mpya, akafunga, akawasha. Tiki, kimya. Bhola alikuwa akipita na birika; akakohoa kwa heshima.

Shefali hakulala vizuri wiki ile, na asubuhi alikuja na hasira zaidi kuliko jana yake. Alikitoa kile kisanduku nje, akakifunga taa ndogo ya gari iwe mzigo, akapima kwa mita. Umeme ulitoka safi, haukuyumba. Kumbe kisanduku kilikuwa kizima. Kilikuwa kikijizima chenyewe ili kisiungue, kwa sababu mahali fulani ndani ya Mzee umeme ulikuwa ukipita pasipo njia.

Siku ya kuamkia sikukuu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mafundi wengine walikwisha kuanza kuosha koleo zao na kuzipanga juu ya kitambaa, maana jua likizama vyombo vyote vinawekwa chini. Shefali alirudisha kisanduku mahali pake, akaanza kuchomoa kiungo kimoja kimoja cha Mzee, kila akichomoa anawasha. Akatoa diski: tiki. Akatoa bodi ya skrini: tiki, akairudisha. Mwishowe akachomoa utepe wa nyaya unaokwenda kwenye kibodi, mahali ambapo hakuna fundi anayeanzia, akabonyeza swichi. Feni ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Kwenye kiskrini ukatokea mstari wa rangi ya chungwa, Mzee akilalamika kwamba hana kibodi.

Moinul alisimama kule kwake. “Shemeji, anaongea huyo?”

“Analalamika. Mwanamume mzima, akiamka tu ni kulalamika.”

Aliigeuza kibodi kifudifudi, akafungua skrubu, akainua bamba la chini. Ndani kulikuwa kwekundu. Sinduri iliyokandwa kwa mafuta ya haradali ilikuwa imegandamana chini ya vibonyezo, na pembeni yake maji yalikuwa yamekaukia, yakaota ukoga wa kijani kati ya njia za shaba hadi njia mbili zisizopaswa kukutana zikakutana. Njia ya tatu ilikuwa imeliwa kabisa.

Hapo alikumbuka. Dulal, kila sikukuu, alimtia Mzee alama juu ya mshikio tu, basi. Lakini sikukuu iliyopita Dulal alikuwa kitandani, na Bhola ndiye aliyefanya ibada badala yake. Bhola, machozi yakimtoka kwa ajili ya kaka yake, aling’oa vibonyezo viwili vitatu na kupaka sinduri ndani, mungu auone moyo wa mashine, kisha akamiminia na maji ya Ganga, mto mtakatifu. Maji hayakuua siku ile. Yalichukua muda wake, yakaja kukutana na msiba.

Shefali alipata hasira. Miezi yote ile alikuwa amelala na swali moja kichwani, na usiku mwingine alilijibu vibaya: pengine kweli ni mkono wake.

“Bhola,” aliita. “Njoo uone moyo wa Mzee.”

Bhola alikuja akijifuta mikono. Alitazama. Hakuhitaji kuelezwa, naye ni fundi.

“Nilikuwa namwombea kaka,” alisema polepole.

“Najua.”

“Nilitaka apone, shemeji.”

“Najua hilo pia. Linaloniuma si hilo. Umepita kwa kila kibanda ukisema ni mkono wangu.”

“Sikujua.” Alishusha sauti. “Tafadhali, Panchanan asijue. Watanicheka mpaka nizeeke.”

“Mimi wamenikimbia, Bhola. Kuchekwa ni nafuu.” Akachukua mswaki na chupa ya spiriti. “Lile bamba silifungi mpaka kila mtu apite aangalie. Sasa niondokee kwenye mwanga.”

Alisugua. Spiriti ikawa nyekundu, akaimwaga, akatia nyingine. Kulikuwa na wakati mkono ulisita, maana aliwakumbuka shangazi na kitambaa chao, kisha akasugua kwa nguvu zaidi. Ile njia iliyoliwa aliiunga kwa uzi mmoja wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa Moinul. Panchanan akapita akigonga kengele ya kuweka vyombo chini.

“Jua limezama, Shefali.”

“Kwenye kalenda yako. Mvua imeninyima jua tangu asubuhi, nami naidai sehemu yangu.”

Panchanan alifungua mdomo, akaona lile bamba jekundu limeegemezwa mahali pa kuonekana, akainama, akalitazama kwa muda. Kengele haikulia tena mpaka Shefali alipochomeka utepe na kubonyeza swichi.

Asubuhi yake uchochoro ulinuka uvumba na kichuri kinachotokota, yaani mchele na dengu za sikukuu. Mzee alikuwa anawaka mezani, maandishi yake ya chungwa yakipepesa. Mbebaji wa sahani, kama kawaida, alikuwa fundi mdogo kuliko wote wa kiume, naye ni Bhola. Alitia alama meza ya kwanza, ya pili, akafika kwa Shefali, akasimama. Panchanan alikuwa nyuma yake.

“Meza ni yake,” alisema Panchanan. “Sina neno. Ila mjane hashiki sinduri. Bhola, vitie wewe vyombo alama kwa niaba yake.”

“Mkono ule ule uliomnywesha Mzee Ganga?” aliuliza Shefali.

Kicheko kikatoka kwa Moinul, kikasambaa. Bhola mwenyewe alijaribu kujizuia, akashindwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alishika sahani kwa mikono miwili, akamsogezea shemeji yake.

Shefali alichovya kidole. Akatia alama chuma cha kulehemu, mita, bisibisi, mgongo wa kiti. Kwa Mzee alitia juu ya mshikio tu, pale pale pa Dulal. Panchanan alikuwa ameahidi kunyamaza, akanyamaza.

Kidole kilibaki chekundu hadi kwenye kifundo. Moinul alimnyooshea kitambaa safi juu ya nyaya zake.

“Kaa nacho,” alisema Shefali. “Mimi nimeshafutwa vya kutosha.”