Kiti cha Chuo

Katika chuo kilichokuwa mbele ya nyumba yetu hapa Kariakoo sikusoma. Niliishia kidato cha nne, na hata na hicho kidato tuliachana kwa maelewano. Lakini kipo kiti cha chuo nilichokikalia kuliko mwanafunzi wao yeyote: cha mbao, chenye kibao cha kuandikia pembeni na namba nyeupe mgongoni.

Tulikiazima kwenye msiba wa baba. Mtaa mzima uliazima viti pale, vya misiba na vya harusi, na kesho yake vilirudi. Hiki hakikurudi kwa sababu nilikuwa nimekikalia. Kile kibao, ambacho wenzangu waliandikia mambo ya uhasibu, kilipokea kikombe cha chai na sahani ya maandazi kana kwamba fundi alinipima mimi. Nikakiweka kibarazani juu, nikawa nawatazama wanachuo wakichelewa vipindi na kuwasikitikia.

Mama, hadi alipofariki, alikuwa akiniuliza kutoka jikoni: "Kiti cha watu umerudisha?"

Nami nilimjibu kesho. Kutoka mlangoni kwetu hadi geti la chuo ni kuvuka barabara tu, ila mimi kutoka nje hupanga kama safari ya Mwanza.

Wiki ya kuelekea Idi likaja tangazo kwamba chuo kinahama, na jengo litavunjwa lijengwe ghorofa la fremu, maana Kariakoo ilikuwa na shida kubwa ya maduka. Jumatano wakaliaga kwa sherehe. Mgeni rasmi aliahidi kwamba jengo litatunzwa mioyoni, huku fundi aking'oa feni juu ya kichwa chake. Hotuba yote niliisikia kutoka kibarazani, nimekalia kiti chao.

Alhamisi nikaona lori la mwisho linapakia. Hapo nikaelewa kwamba kesho zangu zimeisha. Chuo kikiondoka, mama nitakuwa nimemdanganya moja kwa moja.

Nikajitwika kiti, nikaingia kwenye umati wa wanunuzi wa sikukuu. Hatua chache tu, machinga mmoja wa viatu akaniuliza bei. Nikamwambia si changu.

"Basi si utaniachia kwa bei poa, mzee."

Nilipokishusha nivute pumzi, mama mmoja mwenye mifuko ya nguo za watoto akakikalia, akavua viatu, akaanza kukanda miguu. Nikasimama kando kama mhudumu mpaka alipotosheka.

Kwenye stoo ya chuo nilimkuta mtunzaji wake, mama aliyenizidi umri, na daftari lake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akashangaa kwamba wao wanatoa vitu, mimi naingiza. Nikamweleza. Kidole chake kikashuka ukurasani, kikasimama.

"Hiki kilivunjika zamani, baba. Kilishafutwa."

Nikakikalia ili aone kizima. Akasema macho yake yanakiona, lakini daftari halikioni, na yeye hawezi kupokea kiti ambacho hakipo.

Nilipaswa kushangilia. Badala yake nikainuka, nikamsogezea kiti.

"Mama yangu ndiye alinituma nikirudishe," nikasema. "Ameshafariki."

Akauliza alinituma lini. Nikasema zamani kidogo. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama aliyeleta kazi ya nyumbani baada ya shule kufungwa.

Kisha akafunga daftari, akakibeba kiti mwenyewe hadi kona ya stoo tupu, pale viti vilipokuwa vikipangwa, akakikalia. Chuoni pale aliingia kazini akiwa msichana. Aliangalia dari, akaangalia ukuta. Lori likapiga honi mara mbili, hakuinuka. Alipoinuka, alikipangusa kwa ncha ya mtandio.

"Nimekipokea. Mwambie mama. Sasa kichukue, lori limejaa."

Wakati wa kurudi, yule machinga aliniuliza tena bei. Nikamwambia sasa ni changu, hakiuzwi. Nikamsikia akimlalamikia mwenzake kwamba mzee kapandisha bei.

Jioni nikakaa kibarazani. Mbele yangu mafundi walikuwa wanang'oa madirisha. Kiti kile kile, chai ile ile, lakini shingo ikawa inageukia jikoni kila mara. Hakuna aliyeniuliza kitu.

"Nimerudisha," nikasema hata hivyo.