Maziwa Yaliyokwenda Sinkini

Nasriya akirudi kutoka kazini hakuwa akivua hata viatu. Alikuwa akienda moja kwa moja jikoni, anainua chupa za mtoto zilizokwisha oshwa, anazitazama, kisha anacheka peke yake kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Kamaliza zote?"

"Kamaliza, dada," Wakesho alijibu, uso kauinamisha kwenye mchele anaouchambua.

"Mashaallah! Mlafi huyu kamfata babake."

Hapo ndipo alipovua viatu, akajitupa kitini na abaya lake mwilini, macho yamemwingia ndani kwa uchovu. Wakesho aliendelea na mchele. Maziwa yale Nouf hakuyagusa. Yalikuwa yamekwenda sinkini.

Wakesho alikuwa mgeni Maskati. Ametoka Wundanyi, kwenye milima ya Taita, akamwacha kwa mama yake mtoto wake wa kiume, Mwadime, ambaye ndiyo kwanza anatambaa na bado yuko titini. Wakala wa Mombasa alimwambia aseme mtoto ameshaachishwa, maana anayenyonyesha hachukuliwi. Akasema. Akaletwa Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba ya Waomani waliotoka Unguja, wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na kwa hilo alishukuru. Marhoon, mume wa Nasriya, alikuwa kazini jangwani kwenye visima vya mafuta, haonekani sana. Mchana nyumbani walibaki Wakesho, mtoto mchanga wa kike, Nouf, na Bi Bakhita, mama yake Nasriya, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

Likizo ya uzazi ya Nasriya ilikuwa imekwisha, amerudi kwenye ofisi ya duka la magari huko Wattaya. Kila asubuhi aliacha kwenye friji maziwa yake mwenyewe, aliyoyakamua kwa mashine.

Siku ya kwanza Nouf aliikataa chupa. Wakesho alimbembeleza, akamtembeza, akambadilishia chuchu ya chupa, akamwimbia Kitaita. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Bi Bakhita alikuwa amelala kwa dawa zake. Na Wakesho kifua kimemjaa, gauni limeloa mbele, kwa kilio cha mtoto wa watu. Mwili wa mzazi haujui kuchagua. Aliingia chumba cha kupigia pasi, akakaa sakafuni, akafungua vifungo. Nouf alinyonya kwa pupa, akamshika kidole, akalala.

Baada ya hapo nani angemrudisha kwenye plastiki? Wakesho aliogopa kusema. Na chupa zikikutwa zimejaa ataulizwa, basi akawa anazimwaga.

Ijumaa moja, akipiga pasi kanzu za Marhoon, aliufungua ujumbe wa sauti wa mama yake, ambaye hufundisha watoto kanisani. Ulikuwa na kelele tupu. "Amri ya nane!" mama aliita, na watoto wakapasua paa: "Usiibe!"

"Na mwizi ni nani?"

"Anayechukua kuku!"

"Anayelamba sukari ya mama!"

"Baba Mkubwa!" kitoto kimoja kikasema, na wote wakaangua kicheko, mama naye akishindwa kujizuia.

Wakesho alicheka. Kuiba kwa namna hiyo hakukujua. Nasriya husahau bangili za dhahabu kando ya sinki, na yeye humpelekea mkononi. Lakini nyuma ya kelele zile alimsikia Mwadime akilia, na kifua kikamwuma. Maziwa haya ni ya yule, akawaza, na ninampa huyu. Yale ya mama wa huyu nayamwaga. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Akaizima pasi.

Jioni moja Nasriya alimwambia, kama anayejisemea, "Unajua, Wakesho, nnakamua stoo, kwenye viti vibovu. Nnaufunga mlango, wanaume wanagonga wanataka makaratasi. Juzi nililia humo. Lakini nikikumbuka kuwa mwanangu anayamaliza, basi, nnaona si bure."

Wakesho alitaka kumwambia. Furaha ile ndiyo pekee aliyokuwa nayo yule mwanamke, ataichukuaje?

Aliyemkuta ni Bi Bakhita. Alikuwa anatafuta tasbihi yake, akausukuma mlango wa chumba cha pasi, na mbele yake mjukuu yuko kifuani kwa mtumishi.

"Weye! Unafanya nini?"

"Bibi, nisamehe. Anaikataa chupa. Alikuwa analia…"

"Leo tu?"

"Kila siku, bibi. Tangu dada arudi kazini."

Bi Bakhita alijishika ukutani, akashuka kitini taratibu. Hakupiga kelele. "La ilaha illallah. Basi huyu ni mwanao wa kunyonya. Na huyo dume lako uliyemwacha huko bara ni kaka yake, hamuoi mpaka kiama. Unajua hilo?"

"Sikujua, bibi."

"Utajuaje! Sisi ndio tunaojua, nasi tumelala." Akamtazama. "Mama yake anajua?"

"Hajui. Bibi, nakuomba usimwambie. Atanirudisha."

"Nisimwambie, halafu mtoto akue hamjui nduguye? Kwani nyinyi kwenye Taurati hamkukatazwa kuiba?"

"Tumekatazwa."

"Basi. Kumficha mtu nduguye nako ni kumwibia. Utamwambia mwenyewe. Mie nitakaa hapo, ukisita nikohoe."

Na kweli alikohoa. Nasriya aliporudi, Wakesho alimweleza akiwa amesimama jikoni, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Alitegemea kupigiwa kelele kwa kumnyonyesha. Nasriya hakuuliza hilo kwanza.

"Maziwa yangu ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Sinkini, dada."

Nasriya alilitazama sinki. Akaugusa ukingo wake kwa vidole. "Bora ungeniibia dhahabu," akasema polepole. "Ningenunua nyengine. Kwa nini hukunambia hanitaki?"

"Hakukukataa wewe. Alikataa chupa. Na ulikuwa unafurahi, dada. Nilishindwa."

"Nilikuwa nafurahia uongo!" Sauti ilimpanda, Nouf akashtuka akaanza kulia, na maziwa yakamtoka Nasriya kwenye abaya, na Wakesho naye gauni likaloa. Wakatazamana wanawake wawili, wameloa. Nasriya akampakata mwanawe, akaenda kukaa sebuleni, akampa. Nouf alinyonya bila kinyongo. Ni mama yake aliyelia.

Alipotulia alisema, "Mama, hili lisitoke humu ndani. Watasema mwanangu kalelewa kwa maziwa ya mtumishi, mie niko wapi."

"Watasema," Bi Bakhita akajibu. "Lakini Wakesho kakuficha weye wiki ngapi sijui, na umeumia. Weye unataka kumficha binti yako umri wake mzima. Haya, niambie nani mwizi mkubwa."

"Mama, nimechoka."

"Sote tumechoka, mwanangu."

Wakesho alibaki kizingitini. Aliwaza nguo zake zilivyo chache, hazichukui muda kukunjwa. Aliwaza mama yake atakavyompokea, na ada ya shule ya mdogo wake. Mtoto alipoliachia titi, Nasriya akauliza:

"Mwanao anaitwa nani?"

"Mwadime."

"Mwa-di-me." Akachukua simu, akampigia dada yake Rawya aliyeolewa Qurayyat. Akazungumza Kiswahili, pengine makusudi. "Rawya, sikiliza, na usinicheke. Nouf ana kaka wa kunyonya. Anaitwa Mwadime, yuko Taita, Kenya… Ee, wa Wakesho… Ee, mtumishi wangu. Waambie na wakwe zako, nisirudie kulisema." Upande wa pili Rawya alipiga ukelele, kisha maswali yakamiminika. Nasriya alijibu kila moja, uso umemwiva kwa aibu.

Alipokata simu hakumtazama Wakesho. "Kesho akikataa chupa, nipigie. Wattaya si mbali, nitakuja hata wakinifukuza. Nambie kweli tu, hata kama chungu."

"Ndiyo, dada."

"Sijakusamehe."

"Najua, dada."

Adhana ya Magharibi ilianza. Nasriya aliinuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akatafuta mahali pa kumweka mtoto. Mama yake magoti mabovu. Akaja mpaka kizingitini.

"Mshike," akasema, "nisali."