Nusu ya Jiwe Iliyobaki Pangoni

Siku yangu ya kwanza kazini, mpishi wa kambi ya watafiti, nilikabidhiwa sufuria mbili za kupikia na mablanketi ya kufungia mawe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, upande wa Mandera, na mvua ilikuwa imetupita bila kushuka. Nyinyi wajukuu wa mtaa huu wa Iftin mnafungua mfereji. Sisi tulikunywa maji ya pango. Yalidondoka kutoka juu, yakakusanyika kwenye kidimbwi, na katikati ya kidimbwi lilisimama jiwe refu kama mtu.

Mkuu wa Utafiti alikuwa Daktari Mutiso, si daktari wa sindano, bali wa mawe. Jiwe lile aliliita stalagmiti. Kila tone huacha chokaa kidogo, na chokaa hujenga tabaka juu ya tabaka. Ukilipasua na kulipima, unajua lini mvua ilinyesha na lini ilikataa, kabla ya babu wa babu zetu. Juu ni leo, chini ni zamani kabisa, na ile zamani ndiyo iliyomtoa Nairobi.

Mzee aliyesimamia zamu za maji, Adan Isaak, alikataa jiwe ling'olewe. "Wageni wanakata, wanaondoka. Nani anabaki?"

"Mimi," nikasema, maana Daktari alikuwa amenihakikishia kwamba maji yanatoka mwambani, si kwenye jiwe. Kwetu anayejitolea hivyo ni mdhamini, na mdhamini hujibu. Maji yakipotea, nyumba yangu inanyimwa zamu ya kuchota, na mama mkwe wangu, Ebla, alikuwa hawezi tena safari ya kisima cha mbali.

Kwa dhamana hiyo Mzee akakubali, wakang'oa jiwe kwa mtaimbo. Daktari akalichora mshale wa chaki kuonyesha juu, kwa sababu ukiligeuza umegeuza miaka, nami nikalifunga.

Kidimbwi kikaanza kushuka.

Jirani yangu Halima Birik hakuwa na breki mdomoni. "Haya, mdhamini! Uliwapa jiwe peke yake, ama na maji ndani?" Wanawake wakacheka, kisha wakayavuta majerikeni yao mbali na langu. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nyumbani Ebla akaniambia, "Wakininyima maji, hooyo, mwanangu, usigombane nao."

Nilimwita Daktari. Akaingia na tochi, akapiga magoti majini. Matone yalikuwa yanaanguka kama zamani, lakini pale mguu wa jiwe ulipokuwa umesimama palikuwa na ufa, na maji yalikuwa yanazama humo. Jiwe lilikuwa kizibo.

"Wallahi sikulifikiria hili," akasema. Mkamba huyo alikuwa ameshajifunza kuapa kama sisi.

Walijaribu saruji, ikasombwa. Wakajaribu udongo, ukayeyuka. Mwishowe akaniambia nifungue blanketi, akachukua msumeno. Fundi wake, Kiprono, akamshika mkono. "Mkuu, hapo chini ndipo penye tabaka ulizozifuata!"

"Najua. Shika taa."

Alikata nusu ya chini, mshale ukitazama juu, wakaipachika ufani na kuikandika udongo na saruji iliyosalia. Mzee Adan akachora mstari wa mkaa ukutani, usawa wa maji. "Sasa tutaona," akasema, akinitazama mimi, si Daktari.

Nilikuwa nikienda pangoni kabla ya kuwasha moto, nikirudi sijui nimeona nini. Mara naona mstari umezama, mara naona ni macho yangu. Mpaka asubuhi moja mstari ukawa chini ya maji kweli, nami nikamkuta Halima amesimama mbele ya foleni. Akachukua jerikeni langu, akaliweka mbele ya lake. "Chota, bibi, una mgonjwa nyumbani."

Baadaye nilifanya kazi na Daktari hadi Bute, kule Wajir. Kila pango alikuwa anauliza kwanza, "Jiwe hili linazuia nini?" Nilipostaafu aliniambia kumbukumbu yake ya mvua ina pengo mwanzoni, na wenzake humuuliza miaka ile iko wapi. Huwaambia iko kazini.

Mimi nimekaa Garissa sasa, magoti yamechoka. Mvua ikichelewa nampigia simu binti wa Halima, ambaye huniita Eedo, yaani shangazi. Nauliza habari za watoto, habari za mbuzi, habari za barabara.

"Kidimbwi kimejaa, Eedo," ananiambia kabla sijafika huko.